Asili ya Mtazoea

Ilikuwa siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, na mvua ya manyunyu ilikuwa ikianguka bila haraka, kama kibarua anayelipwa kwa siku.

Mfasiri wa Majina alikuwa ofisini kwake. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha chini katika kasri, kati ya chumba cha dobi na chumba cha kutundikia funguo za magari. Upande mmoja ulimletea harufu ya sabuni, upande wa pili ulimletea matusi ya madereva. Mbele yake palikuwa na karatasi nyeupe. Alitakiwa kuandika sentensi moja tu, na sentensi hiyo ingeamua mtoto wa kike aliyezaliwa Jumatatu alale wapi: kwa mama yake au kwa bibi yake.

Mtu asiyeijua nyumba hiyo atashangaa. Ukoo wa kifalme ulikuwa na majina ambayo hayakufanana na majina ya wafalme. Hakukuwa na Simba wala Ushindi. Kulikuwa na Mfalme Semeni, Mfalme Nyamazeni, Malkia Mtazoea, na akina Mfalme Hainihusu, wa Kwanza na wa Pili. Wageni waliosoma majina hayo chini ya picha za ukumbini walitikisa vichwa kwa heshima. Walidhani ni falsafa.

Yalikuwa ugomvi. Zamani wake wa mfalme waliishi wengi ndani ya ua mmoja, na walikatazwa kuzozana mbele ya mume wao. Lakini katika nyumba ile jina la mtoto lilitolewa na mama, na hakuna aliyeweza kulipinga. Basi wakazozana kwa watoto. Mke aliyechoka kusengenywa alijifungua, akamwita mwanawe Semeni. Mwenzake alijifungua msimu uliofuata, akajibu kwa Nyamazeni. Wa tatu, aliyekuwa amewachoka wote wawili, akamwita wake Hainihusu. Ndiyo maana nchi iliwahi kutawaliwa na watu watatu ambao majina yao, yakisomwa kwa mpangilio, ni mazungumzo ya uani.

Baadaye ukoo uliona haya. Ikaundwa ofisi ya Mfasiri, ambaye kazi yake ilikuwa kuyaosha majina hayo mpaka yang'ae. Semeni akawa "mfalme anayewapa watu uhuru wa kusema." Nyamazeni akawa "mleta utulivu." Hainihusu akawa "asiyegusa haki ya mwingine." Na ili mtu yeyote asithubutu kucheka, likaongezwa sharti: maana ikishasomwa mbele ya watu siku ya kutoa jina, inakuwa amri. Mwenye jina atalelewa kwayo, na nyumba nzima itaitii.

Sharti hilo lilitekelezwa kwa bidii ya kutisha. Mfalme Semeni alilazimika kumsikiliza kila mwenye shida, hata akiwa mezani, na inasemekana hakuwahi kula chakula cha moto. Hainihusu wa Pili hakuruhusiwa kutia sahihi jambo lolote. Nchi iliendeshwa na mjomba wake, vizuri kiasi. Malkia Mtazoea, ambaye jina lake lilisomwa kuwa "mwenye kuwazoeza watu mambo mapya," alidaiwa jambo jipya kila mwaka. Alihamisha lango kuu. Alibadilisha saa za kula. Mwishowe, alipoishiwa, aliamuru milango yote ya kasri ifunguke kwa nje, na mpaka leo ilikuwa ikifunguka kwa nje na kuwapiga watu puani.

Siku hizi mama hakubuni tena jina. Alichagua moja kati ya majina ya waliotangulia, kisha Mfasiri akaandika maana.

"Mwalimu, umeshaliosha?" Dobi alichungulia dirishani, shuka la bluu begani. Alimwita Mwalimu kwa sababu Mfasiri alisoma chuo.

"Bado."

"Mimi na wewe kazi yetu moja. Ila mimi maji yangu yakichafuka watu wanayaona."

"Nenda kapige pasi."

"Naenda. Lakini angalia, bibi mwenye nyumba anakuja huku, na ameshikilia karatasi. Mimi sijamwona."

Mlango ulifunguka kwa nje, dobi akaruka pembeni, na Malkia akaingia. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, aliyevaa viatu vya raba kwa ajili ya mvua. Alikaa kwenye kiti pekee kilichokuwapo, ambacho kilikuwa cha Mfasiri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkwe wangu amekubali Mtazoea. Jina la bibi mzaa bibi yangu."

"Amekubali au amechagua, Mama?"

"Hayo ni maneno ya chuo. Amekubali." Malkia aliiweka karatasi yake juu ya ile nyeupe. "Maana nimekuletea, nisikupe kazi. Soma."

Mfasiri alisoma. Iliandikwa kwa mwandiko mkubwa wa duara: *Mtoto atakayezoezwa na wakubwa wa nyumba.*

"Fupi na tamu," alisema Malkia. "Na wakubwa wa nyumba ni akina nani? Ni mimi. Jumamosi ukishaisoma, mtoto anahamia kwangu mpaka aanze shule. Kitanda chake kimeshaingia chumbani. Rangi ya krimu."

"Na mama yake mzazi?"

"Atakuja kumwona. Nani kamfukuza? Korido ni ndefu lakini si safari." Malkia alivuta pumzi. "Ndivyo tunavyofanya. Mimi nililelewa na bibi yangu. Mwanangu akalelewa na mama yangu. Kaharibika nani?"

Mfasiri alimkumbuka mrithi wa kiti, ambaye wiki iliyopita alimrudisha dereva njiani ili akamuulize mama yake kama tai ya kijani inafaa kwa msiba. Akanyamaza.

"Unanyamaza," alisema Malkia. Kisha, kwa sauti nyingine, kana kwamba anazungumza na raba zake: "Mwanangu sikumwogesha hata siku moja. Niliambiwa subiri, zamu yako itafika, utawalea wajukuu. Nimesubiri tangu nikiwa na kiuno. Sasa zamu imefika, naona watu wanaanza kuniuliza maswali."

Malkia alisimama, akajikung'uta, na uso wake ukarudi ulivyokuwa.

"Wewe bado unakaimu nafasi hii, sivyo?"

"Bado, Mama."

"Mbona muda wote huo? Baada ya Jumamosi tulimalize, uthibitishwe." Alilisema kwa upole, kama mtu anayekuongezea chai. Akaondoka.

Kwa taratibu za ofisi, mama wa mtoto alipaswa kusomewa maana kabla ya siku yenyewe. Alasiri hiyo Mfasiri alipanda ngazi na ile karatasi mkononi.

Mama wa mtoto aliitwa na kila mtu Bi Mdogo. Kabla ya kuolewa alikuwa mpima macho mjini. Mrithi alikwenda kwake kutafuta miwani, naye akamuuliza ni fremu ipi anayoipenda yeye mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumuuliza mrithi swali kama hilo. Alimpenda papo hapo. Fremu ilibidi ichaguliwe na mpima macho.

Sasa alikuwa ameegemea mito, mtoto amelala kifuani kwake, mdomo wazi. Mrithi alikuwa amesimama dirishani, akiitazama mvua kwa makini makubwa.

Mfasiri alisoma. Bi Mdogo akasikiliza mpaka mwisho, ambao haukuwa mbali.

"Wakubwa wa nyumba ndio akina nani?"

"Ni wakubwa," alisema Mfasiri.

"Baba mtoto, wewe ni mkubwa wa nyumba?"

Mrithi aligeuka. "Kwa umri?"

"Kwa lolote."

"Ngoja nimuulize Mama."

"Usijisumbue." Bi Mdogo alimrudia Mfasiri. "Dada, nilikubali jina hili nikiwa na siku moja tangu nijifungue. Ningekubali hata Kabati. Nimeona kitanda kinapitishwa koridoni. Hebu niambie: acha maana, maana nimeisikia. Asili yake ni ipi? Nani alilitoa kwanza, na kwa nini?"

Mfasiri alikaa kitako pembeni mwa kitanda bila kukaribishwa. Asili za majina hazikuandikwa popote. Mfasiri anayeondoka humsimulia anayeingia, siku ya kukabidhiana ofisi, mlango ukiwa umefungwa. Aliyemtangulia alimsimulia zote kwa mchana mmoja, akicheka mpaka akakohoa, kisha akakunja uso na kumpa sharti. Maana ipambe upendavyo, alimwambia, lakini asili usiiguse. Mtu wa nyumba hii akikuuliza, itaje ilivyo. Yeye aliuliza kwa nini. "Kwa sababu," alijibiwa, "tukidanganya zote mbili, tutasahau tulikuwa tunaficha nini."

Tangu aingie ofisini hakuna aliyewahi kuuliza. Bi Mdogo alikuwa mtu wa nyumba, na alikuwa ameuliza.

"Mama yake Malkia Mtazoea aliolewa kutoka nje, kama wewe," alisema Mfasiri. "Baba wa huyo mke alikuwa mfinyanzi. Alipojifungua, mama mkwe wake alikuja kila alfajiri kumchukua mtoto ampeleke nyumba kubwa. Yule mke akawa anaweka kinu mlangoni kwa ndani. Mama mkwe akagonga, akabembeleza, akatukana. Siku ya kutoa jina, mbele ya watu wote, mke aliulizwa mtoto anaitwa nani. Hakumtazama mumewe. Alimgeukia mama mkwe, akasema: Mtazoea."

Bi Mdogo akaanza kucheka, kwanza kwa tumbo, kimyakimya, mtoto akipanda na kushuka juu yake, halafu kwa sauti, mpaka mtoto akaamka na kulia.

"Na akazoea?"

"Akazoea. Mtoto alikaa na mama yake."

"Kwa hiyo Mama mwenyewe ndiye aliyenichagulia! Alitaka nizoee mimi. Hajui?"

"Hajawahi kuuliza. Katika nyumba hii watu wanasoma maana, Bi Mdogo, na wameisoma muda mrefu. Wanaiamini."

"Mimi sijasikia kitu," alisema mrithi dirishani.

Bi Mdogo alimbembeleza mtoto mpaka akatulia. Alipozungumza tena hakuwa akicheka.

"Na Jumamosi utasoma ipi?"

"Husomwa maana."

"Nimekuuliza utasoma ipi."

Mfasiri angeweza kusema mengi. Alikuwa mtu wa maneno. Alichosema ni "Nakaimu," basi, na Bi Mdogo akaelewa, kwa sababu naye aliwahi kuajiriwa.

"Haya, dada. Hukunidanganya, nashukuru. Ukitoka chunga mlango, usimvunje mtu pua."

Jumamosi mvua iliongezeka. Ukumbi ulipangwa viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na bati lilikuwa likipigwa kwa nguvu kiasi kwamba fundi mitambo aliongeza sauti ya kipaza sauti mpaka mwisho. Mbele walikaa wageni waheshimiwa. Nyuma walikaa kina mama wa mji, wengi wao wake za watu, wote wakwe wa watu. Bi Mdogo alikaa na mtoto upande wa kulia wa jukwaa, mumewe akiwa nyuma yake. Malkia alikaa katikati. Mfasiri alisimama kushoto, karatasi ikiwa imekunjwa mara mbili kiganjani, na alikuwa ameshakubaliana na nafsi yake. Sentensi moja. Angeisoma haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu, na wiki ijayo angekuwa na nafasi yake.

Ugumu uliletwa na balozi. Alikuwa mgeni, mrefu, mwenye adabu, na alikuwa akiipenda nchi kwa bidii. Alimwinamia Malkia na kumuuliza kama majina haya mazito ya ukoo wake yana historia.

Malkia hakuwa mtu wa kuona sifa inapita nje bila kuikaribisha ndani. Alichukua kipaza sauti.

"Mfasiri! Kabla ya maana, waeleze wageni asili ya jina hili. Wasikie tulikotoka."

Mfasiri alimsogelea Malkia na kuinama.

"Mama," alinong'ona, "hiyo asili ni ya ndani."

Kipaza sauti, kilichokuwa kimeongezwa mpaka mwisho, kiliunong'oneza ukumbi mzima.

"Ya ndani ndiyo tamu!" alisema Malkia, na watu wakapiga makofi. Macho yake yalikuwa yaking'aa. Alikuwa na uso wa mtoto anayesubiri kusimuliwa hadithi yake mwenyewe.

Mfasiri alirudi mahali pake. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, na ulikuwa uongo mzuri: palikuwa na bibi mwenye subira, palikuwa na watu wakaidi, bibi akawazoeza wema. Miaka miwili alikuwa amewavika watu vilemba vya ukoka kwa ustadi, na hiki kingemtosha Malkia barabara. Lakini aligundua, kwa mshangao na kwa hasira kidogo, kwamba hawezi. Huo haukuwa ushujaa, wala hakuwa akimfikiria mtoto. Ilikuwa ni kiburi cha kazi. Maana ya jina alikuwa ameipokea ikiwa imepambwa. Angeipamba zaidi bila kuona aibu. Asili aliipokea ikiwa nzima, na hakutaka kuwa yeye aliyeivunja.

Akaisimulia. Mfinyanzi, alfajiri, kinu mlangoni, mama mkwe akigonga. Aliisimulia kwa sentensi fupi, bila kumtazama mtu. Mwisho akalitaja jina lenyewe.

Kisha kule nyuma mwanamke mmoja akasema, "Wee!" Mwingine akajifunika mdomo kwa mtandio. Kicheko kikaanza kwenye safu ya mwisho na kikaja mbele, kiti kwa kiti, kikiwapitia wakwe wote wa mji, na kila kilipopita kiliacha mtu anajifuta macho. Balozi, ambaye tafsiri ilimfikia kwa kuchelewa, alicheka peke yake wenzake walipokuwa wamenyamaza.

Malkia hakucheka. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake.

"Soma maana," alisema. Sauti yake ilikuwa imekonda.

Mfasiri alikunjua karatasi. *Mtoto atakayezoezwa na wakubwa wa nyumba.* Dakika kumi zilizopita ilikuwa sentensi ya kawaida ya ofisi. Sasa ilikuwa ni yule mama mkwe, amerudi, anagonga. Kama angeisoma, ukumbi ungecheka tena, na safari hii ungecheka kwa dharau, na amri ingebaki amri. Alimtazama Malkia apate ishara yoyote. Malkia hakuwa akimtazama. Alikuwa akimtazama mtoto.

Mfasiri aliikunja tena karatasi.

"Maana ya Mtazoea," alisema, "ni mtazoea."

Akakaa.

Ilibaki hatua moja. Mkuu wa nyumba husimama wa kwanza na kuirudia maana, kuonyesha kwamba ameipokea. Angeweza kukataa. Ingekuwa aibu mbele ya wageni, lakini alikuwa Malkia, na aibu za malkia hupatiwa maelezo. Watu walisubiri. Mrithi alisogeza miwani yake juu ya pua. Bi Mdogo hakushusha macho; alimpandisha tu mtoto kifuani, kidogo, kama mtu anayerekebisha mzigo ambao hana nia ya kuutua.

Malkia alisimama, akaona tabu kidogo kusimama.

"Nitazoea," alisema.

Wageni walipiga makofi kwa nguvu, wakidhani ndivyo inavyosemwa kila mara. Mrithi alimwinamia mkewe.

"Na sisi tupige?"

"Piga, baba."

Baada ya hapo kila mmoja alifanya yafuatayo. Balozi alipeleka taarifa kwao kwamba katika nchi hii jina la mtoto hutolewa kwa tamthilia fupi ya kuchekesha, na kwamba Malkia huigiza vizuri. Dobi alikusanya vitambaa vya viti na kulalamika kuhusu madoa ya soda. Mrithi alikwenda kumuuliza mama yake kama amekasirika, akaenda kumuuliza mke wake kama amefurahi, akakubaliana na wote wawili. Bi Mdogo alimnyonyesha mtoto, akalala. Malkia hakutoka chumbani kwake Jumapili nzima. Jumatatu alikwenda kwa mkwe wake, akabisha hodi, akasubiri koridoni mpaka alipofunguliwa, akaomba ampakate mjukuu, akapewa. Mfasiri aliripoti kazini kama kawaida. Karani wa utumishi alipita na kumwambia kwamba suala la kuthibitishwa limeahirishwa. Aliuliza mpaka lini. Karani alisema hakuambiwa. Mfasiri alimshukuru, akafunga dirisha kwa sababu ya mvua, akaendelea kukaimu.